E471: Namba Isiyotaja Asili

Mwislamu anunuaye mkate hapa Kalamba, akasoma "E471" kwenye karatasi yake, ameelezwa nini? Namba hiyo ni jina la kiungo kiufanyacho mkate ubaki laini. Kiungo chenyewe hutengenezwa ama kwa mafuta ya mimea, kama mawese, ama kwa mafuta ya wanyama, nguruwe akiwamo. Jina ni moja, nasaba mbalimbali. Na uhalali hutegemea nasaba. Hivyo, orodha za "namba haramu" wanazonakiliana wanafunzi wetu hazimalizi shaka hii. Ajuaye ni mtengenezaji. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa. Basi kando ya namba na paandikwe, kwa Kiswahili: "ya mimea", au "ya nguruwe".