MHUDUMU WA WAGENI NAYE APUMZIKE



Vijana wengi wa vijijini hufanya kazi katika hoteli na kambi za watalii huko Karatu, Arusha na Moshi. Huenda mwanao ni mmoja wao. Kazi hiyo ni halali na huleta fedha nyumbani. Lakini ina uchovu usioonekana kwa macho.

Mkulima akichoka, utamwona. Jasho linamtoka na mgongo unamuuma. Mhudumu wa wageni huchoka moyoni. Mgeni akimfokea kwa sababu chai imepoa, hawezi kumjibu. Lazima atabasamu. Akifanya hivyo kutwa nzima, hasira hubaki ndani. Usiku hapati usingizi. Kichwa kinamuuma. Akirudi nyumbani huwafokea watoto.

Siku hizi, katika nchi mbalimbali, wapo wahudumu wanaofundishwa kutuliza akili wakiwa kazini. Mafunzo haya si ya ajabu. Hata wewe unaweza kuyafanya, hasa ukiwa muuza duka au mama lishe. Fanya hivi:

Simama na kukanyaga chini kwa miguu yote miwili. Vuta pumzi taratibu kwa pua. Itoe taratibu. Isikilize ikiingia na kutoka. Mawazo yakikimbilia yale maneno ya mgeni, usigombane nayo. Yarudishe kwenye pumzi. Endelea kwa dakika 2 au 3. Kisha rudi kwa mgeni. Utaona hasira imepungua, na ulimi hautakuponyoka.

Mafunzo haya ni mazuri. Waajiri wayatoe. Lakini tusidanganyane. Jino la pembe si dawa ya pengo. Kuvuta pumzi hakushiki nafasi ya usingizi. Mtu aliyefanya kazi tangu alfajiri hadi usiku haambiwi, "Tulia, vuta pumzi." Huyo apewe mapumziko.

Mapumziko si zawadi ya mwajiri. Ni haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, imeweka kipimo. Kazi ya kawaida isizidi muda wa saa 9 kwa siku, wala saa 45 kwa wiki. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apate saa 1 ya kupumzika. Kila wiki apate siku nzima ya mapumziko.

Kwa hiyo mzazi, kijana wako akija likizo akiwa mkimya au mwenye hasira, usiseme upesi kwamba mji umemharibu. Kaa naye. Muulize: Je, unalala vizuri? Je, unapata siku ya kupumzika? Akiwa amekosa usingizi kwa majuma mawili au zaidi, mpeleke zahanati. Uchovu wa moyo nao hutibiwa.

Tunawafundisha watoto wetu kumkirimu mgeni. Hiyo ni sifa njema. Tukumbuke kwamba anayemkirimu mgeni naye ni mtu.