Acheni Kunisifu kwa Wembe

Ile video yangu ya feri nimeitoa. Mlioniuliza kwa nini, jibu ndilo hili.

Mlioiona mnakumbuka: nimekaa barazani hapa Likoni, wembe mtupu mkononi, nakata bamba la plastiki kuwa fito za reli za MV Jambo. Sifa zikamiminika. "Ametumia wembe tu!" Nikavimba kichwa. Wiki iliyofuata dogo mmoja wa Mtongwe akaja na feri yake, kidole gumba kimefungwa kitambaa. Alikata kama alivyoniona. Nimlaumu nani?

Basi mimi nasema hiyo sifa ya "wembe tu" ni sumu. Inafanya kukosa vifaa kuonekane ndio kipaji. Na kazi yenyewe haitoki safi, tuambiane ukweli. Modeli yangu ni ya 1:50. Ukikosea nusu milimita kwenye ufito, kwenye feri yenyewe ni sentimita mbili na nusu. Mtu anayevuka kila asubuhi ataona reli imelewa, hata kama hajui kwa nini.

Kuna kampuni ya Marekani, Evergreen, inauza fito za plastiki zilizokatwa tayari. Nzuri, lakini mpaka zifike Likoni... wacha tu. Mimi nasema pesa ya kwanza iende kwa rula ya chuma. Ile ya plastiki ya shule wembe unaichonga, na kutoka hapo kila mstari unapinda. Pesa ya pili, kisu chenye mshikio, kile cha kusukuma wembe. Ncha ikiisha makali unaivunja, unaendelea.

Halafu jitengenezee kizuizi. Gundisha kipande cha mbao kilichonyooka juu ya ubao mpana, usukume bamba mpaka likiguse. Lalisha rula juu ya bamba. Kati ya rula na kizuizi, simamisha vipande vya kadi ya benki iliyoisha muda, vitatu kila mwisho, nje ya bamba. Kadi moja ina unene wa kama milimita 0.76, kwa hivyo tatu zinakupa 2.3 hivi. Kila ufito unatoka sawa na mwenzake, hupimi tena.

Na usikate kwa mpigo mmoja! Pitisha kisu mara mbili tatu, mkono mwepesi, kisha likunje. Litavunjika lenyewe kwenye mstari. Kisu huteleza ukikilazimisha. Mimi nililazimisha, na dogo akaiga. Plastiki ya jerikani usijisumbue nayo, inakunjika haivunjiki. Omba mabaki kwa mafundi wa mabango, ile ngumu, nyembamba.

Dogo siku hizi anakuja Jumamosi. Rula ni moja, tunapokezana. Reli za upande wa kulia amekata yeye, na walahi zimenyooka kuliko zangu.