Kusoma Picha

Wahenga walinena, "Mwenye macho haambiwi tazama." Kwa njia na kwa mizigo neno hilo latosha, kwa picha za Ulaya halitoshi. Picha husomwa kama barua, na asiyefundishwa alama zake huona wino mtupu.

Alama ya kwanza ni umbali. Aitazamaye reli, iliyofika Tabora mwaka 1912, huona vyuma vyake viwili vyakaribiana kadiri viendavyo mbali, hata kana kwamba vyakutana; naye ajua kwamba havikutani, maana gari la moshi lapita juu yake bila kuanguka. Wachoraji wa mji wa Florence, katika Italia, waliligeuza jambo hilo kuwa kanuni, na mwaka 1435 Leon Battista Alberti aliiandika kitabuni. Baada yake wachoraji wengi wa Ulaya waliifuata. Kwa kanuni hiyo mtu wa mbali huchorwa mdogo. Si mtoto wala si mnyonge, yu mbali tu.

Alama ya pili ni ngumu zaidi: ni nani aliyewekwa karibu? Hilo halitoki katika kanuni. Hutoka katika nia ya mchoraji. Katika kitabu cha Stanley, kilichopigwa chapa London mwaka 1872, mna picha ya kukutana kwake na Livingstone huko Ujiji mwaka 1871. Wazungu wawili wapo mbele, wakivuliana kofia. Watu wengine wamepangwa nyuma yao. Aliyeichora hakuwako Ujiji. Tena, katika kitabu kile kile Stanley aeleza kwamba Susi, mtumishi wa Livingstone, alitangulia kumwamkia. Maneno yamtaja, picha haimwambii mtazamaji yupi ni Susi.

Livingstone alipokufa mwaka 1873, Susi na Chuma waliongoza wenzao kuuchukua mwili wake mpaka pwani, wakipita Unyanyembe, nchi ya Tabora. Asiyejulikana pichani ndiye aliyekuwa mbele njiani.

Wako wasemao kwamba mtoto wa Unyamwezi hana haja na picha za kigeni. Wamekosa. Nchi yake imekwisha kuchorwa, na babu zake wamo. Asiyejua kuzisoma atakipokea cheo alichopewa na kalamu ya mwingine. Basi, mbele ya kila picha mwanafunzi na aulize mambo matatu: nani yu mbele, nani yu nyuma, na ni nani aliyewapanga hivyo.