Wanawake Wasio na Majina

Mjane mmoja wa hapa Kambarage alikuwa hajamaliza hata mwezi edani, mashemeji zake walipofika na gari. Walianza na magunia ya mpunga. Wakamalizia na hati ya kiwanja pamoja na funguo za karasha ambalo marehemu alisagia mawe ya dhahabu huko Geita. Sisi tulikuwapo, tumekaa mkekani, na twakiri kwamba tuliinamisha vichwa. Aliyesema ni jirani yake, muuza vitumbua. Alisimama mlangoni akauliza: "Na huyu na wanawe mmewaachia nini?"

Swali lile lilitukumbusha tamthiliya ya Nguzo Mama ya Penina Muhando, iliyochapishwa mwaka 1982. Humo wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo iliyolala chini. Mwandishi amewahesabu badala ya kuwapa majina: Bi Moja hadi Bi Nane. Mmoja anafiwa na mume, na ndugu wa marehemu wanakuja kukomba mali. Nguzo haisimami. Wapo wanaouona huo kuwa upungufu wa mchezo. Sisi twauona kuwa nguvu yake. Lau nguzo ingesimama jukwaani, watazamaji wangepiga makofi wakaenda zao kulala.

Mwenzao yuko Kenya, katika mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, uliotoka mwaka 1976. Ni mama anayepitisha bastola ndani ya mkate mbele ya askari wa mkoloni. Naye hana jina. Anaitwa Mwanamke, basi. Wengi humsifu kwa ile bastola. Sisi hutuvutia zaidi pale anapowakuta mvulana na msichana wakigombania pesa njiani: pamoja na hatari aliyoibeba, anasimama, anawaamua, anawakemea kama mama. Hao hao ndio wanaokuja kuibeba kazi yake.

Nafasi ya jina ikiachwa wazi, mwanamke yeyote aweza kuijaza. Muuza vitumbua wetu, ambaye hatudhani amewahi kusoma tamthiliya, aliijaza siku ile, akawa Bi Tisa.

Wala hakudai jambo geni. Aya ya 12 ya Suratun-Nisaa, baada ya wasia na deni, inampa mjane mwenye mtoto wa marehemu thumuni, na robo ikiwa marehemu hakuacha mtoto. Hukumu hiyo ina zaidi ya karne 14. Ajabu ni kwamba aliyeikumbusha mtaani kwetu alionekana mkorofi, na waliobeba magunia wakaitwa wenye msiba.

Funguo za karasha zilirudishwa Ijumaa iliyofuata, baada ya imamu kuwaita mashemeji pembeni. Mpunga ulikwisha kuuzwa. Hati ya kiwanja tungali tukiifuatilia, na safari hii tumekwenda pamoja na muuza vitumbua.