Neva ya Jicho la Kijana Isipimwe kwa Namba za Kuazima

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, madaktari wa macho jijini Dar es Salaam wamekuwa wakikutana na ugonjwa unaowashika zaidi vijana. Uoni wa katikati hufifia katika macho yote mawili na rangi hupauka. Kijana aliyekuwa akisoma vizuri hushindwa kuona maandishi ubaoni, ilhali anatembea bila kujikwaa kwa kuwa uoni wa pembeni umebaki. Lenzi ya jicho ni safi. Kilichodhurika ni neva inayopeleka taarifa za jicho kwenye ubongo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliuhusisha ugonjwa huo na upungufu wa foleti mwilini na moshi wa kupikia ndani ya nyumba.

Kipo kipimo cha kuchunguza safari ya taarifa hizo. Mgonjwa hukaa mbele ya skrini yenye miraba myeusi na myeupe, kama ubao wa drafti, ambayo hubadilishana rangi mara mbili kwa sekunde. Elektrodi zilizobandikwa kisogoni hunasa umeme mdogo wa ubongo, na kompyuta hukusanya majibu mengi hadi wimbi lijitokeze. Kilele kinachotazamwa zaidi huitwa P100, kwa kuwa hutokea takriban milisekunde 100 baada ya miraba kubadilika. Mwaka 1972, Halliday na wenzake wa London walionesha kuwa neva iliyowahi kuvimba hukichelewesha kilele hicho hata baada ya uoni kurejea. Magonjwa mengine hushusha zaidi kimo cha wimbi kuliko kulichelewesha.

Sasa tuseme kilele cha binti wa miaka 14 kimetokea kwenye milisekunde 114. Je, kimechelewa? Hakuna awezaye kujibu bila kujua kilele cha mabinti wenye afya wa rika lake hutokea lini, kwenye mashine ileile na skrini ileile. Viwango hivyo vikikosekana, daktari hubaki na namba zilizokuja na mashine, ambazo huenda zilipatikana kwa watu wazima waliopimwa katika maabara nyingine. Kwa namba hizo, mwenye ugonjwa anaweza kurudishwa nyumbani na aliye mzima akaanzishiwa matibabu.

Wapo wanaoona kuwa kuandaa viwango vyetu ni gharama isiyo ya lazima, na hoja yao ina uzito. Kwa miraba mikubwa, P100 hukaribia kasi ya mtu mzima mtoto akiwa bado shule ya msingi. Tena neva ya kijana wa Temeke haina maumbile tofauti na ya kijana wa Ulaya. Yote hayo nayakubali. Lakini miraba midogo, ambayo ndiyo inayopima uoni wa katikati kwa makini zaidi, majibu yake hukomaa kwa kuchelewa, na kijana mwenye uoni hafifu asiye na miwani huonekana kama mgonjwa wa neva. Jinsia nayo ina mchango, kwani kwa kawaida kilele cha wanawake huwahi kidogo kuliko cha wanaume. Na vifaa vina mambo yake: skrini bapa za kisasa huchelewa kuonesha picha kuliko zile za zamani za kioo kizito, kwa hiyo kubadilisha skrini peke yake kunaweza kusogeza majibu. Ndiyo maana jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa kipimo hiki, ISCEV, huzitaka maabara ziwe na viwango vyake zenyewe.

Tumeshapata funzo kama hilo kwenye vipimo vya damu. Mwaka 2009 watafiti walichapisha viwango vya damu vya watu wazima wenye afya kutoka Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia. Ilibainika kuwa wengi wao wangehesabiwa kuwa na kasoro kama wangepimwa kwa viwango vya Marekani, hasa katika idadi ya baadhi ya chembe nyeupe. Watu hao hawakuwa wagonjwa. Kipimio ndicho hakikuwafaa.

Wengine watasema tuwape kwanza watoto miwani, ndipo tuzungumzie mawimbi ya ubongo. Kweli, miwani itangulie. Hata hivyo, mambo haya mawili hayagombaniani. Kipimo hiki cha neva hakikusudiwi kwa kila mwanafunzi. Ni cha yule ambaye miwani haikumsaidia, au anayetumia dawa ya kifua kikuu ya ethambutol, inayoweza kudhuru neva ya jicho. Na kijana atakayeshiriki katika kuandaa viwango lazima apimwe macho kwanza, hivyo mwenye kuhitaji miwani atajulikana na apewe.

Gharama nazo zinaweza kugawanywa. Mwongozo unaotumika katika maabara za tiba unapendekeza watu wenye afya wasiopungua 120 kwa kila kundi. Hospitali mbili au tatu za rufaa zinaweza kushirikiana kufikia idadi hiyo kwa wasichana na wavulana wa miaka 10 hadi 19, zikitumia ukubwa uleule wa miraba, mwangaza uleule na umbali uleule. Hospitali nyingine zenye mpangilio huohuo zinaweza kuvihakiki viwango hivyo kwa kupima vijana 20; wasipozidi wawili walio nje ya viwango, basi vinakubalika. Vijana hao wachaguliwe shuleni na mitaani, si watoto wa wafanyakazi wa hospitali tu. Mzazi aridhie, na kijana mwenyewe aulizwe.

Tukumbuke pia kuwa viwango hujumuisha asilimia 95 ya watu wenye afya, kwa hiyo watano katika kila mia walio na afya watatoka nje ya mipaka. Namba haitachukua nafasi ya daktari anayemsikiliza mgonjwa na kumchunguza.

Rai yangu kwa wizara za afya na vyuo vikuu vya tiba ni moja: mashine ya kipimo hiki isinunuliwe bila kutengewa fedha za kuandaa viwango vya vijana watakaopimwa nayo. Na hospitali ambayo haijavihakiki viwango vyake isimtamkie mzazi kwamba neva ya mwanawe ni nzima au ni mbovu kwa kutegemea namba ya kiwandani pekee.