Dawa Tunayosahau Kuiandika

Mimi ndiye yule wa fiziotherapia anayechelewa kila mkutano wa jumuiya kwa sababu ya zamu. Leo nina neno, naomba mnivumilie.

Mwaka jana nilikuwa mafunzoni katika wodi ya kiharusi hapa Uingereza. Tulimhudumia mzee aliyepooza upande mmoja. Tulimfundisha kuinuka kitini, kushika kikombe, kutembea kwa fimbo. Kazi nzuri, sikatai. Lakini hata siku moja hatukumtoa jasho. Nilipomuuliza msimamizi wangu kwa nini hatumwandikii mazoezi ya moyo na pumzi, alijibu, "Muda hautoshi. Na tukimzidishia je?" Nikanyamaza. Najuta.

Tazameni jambo lenyewe. Kutembea na mguu uliopooza kunakula nguvu nyingi kuliko mwendo wa kawaida, na huyu ametoka kitandani, pumzi haba. Anachoka, anakaa, akikaa, pumzi inazidi kupungua. Tena aliyepata kiharusi yumo hatarini kupata kingine. Tunatengeneza mguu, moyo tunauacha!

Si kwamba hatuna mwongozo. Chama cha Moyo cha Marekani mwaka 2014 kilisema wazi: siku 3 hadi 5 kwa wiki, dakika 20 hadi 60, na asiyeweza azigawe kumi kumi. Hiyo ni dozi kama ya kidonge.

Woga nao una msingi. Utafiti wa AVERT wa 2015, wenye wagonjwa zaidi ya 2,000 katika nchi tano, Uingereza ikiwemo, ulionyesha kwamba kumwinua mgonjwa mara nyingi mno kuanzia saa 24 za mwanzo kunapunguza nafasi yake ya kupona vizuri. Sawa. Lakini hayo ni ya siku za mwanzo, si ruhusa ya kumwacha mtu kitini miezi sita. Daktari aukague moyo, presha ipimwe kabla na baada, tuanze kidogo. Anayemeza dawa za kupunguza mapigo ya moyo, mapigo yatatudanganya. Basi tumuulize mwenyewe anavyochoka kwa kipimo cha Borg cha 6 hadi 20, tukilenga 11 hadi 14. Mashine si lazima. Aweze kuzungumza, asiweze kuimba: hapo ndipo.

Na sisi tusijitoe lawamani. Ami yangu Tanga alipopata kiharusi 2019, nyumba nzima ilisema, "Mwacheni apumzike." Chai analetewa, viatu anavishwa. Mapenzi matupu, jamani, lakini alipumzishwa mpaka msikiti wa jirani ukawa safari. Nikapiga simu: "Shikamoo ami. Daktari akikubali, leo nguzo mbili za umeme, wiki ijayo tatu." Alicheka, akasema mtoto amekwenda Ulaya kujifunza kuhesabu nguzo. Daktari alikubali, na nguzo zikahesabiwa, mjukuu kando yake, hadi msikitini.

Kwa hiyo wenzangu mnaosomea tiba, msinyamaze kama mimi. Na wengine wote, mkipiga simu nyumbani, msiulize tu "amekula?" Ulizeni pia "ametembea?" Mimi Septemba narudi wodini, na swali langu ni lile lile. Safari hii nitalirudia mpaka lijibiwe.

Naomba kutoa hoja.