Jina la Watu Lisigeuzwe Tusi

Mwanafunzi wa Kijerumani, awe Dar es Salaam au Nairobi, hafiki mbali kabla hajakutana na nomino ambazo wanasarufi huziita dhaifu. Ni nomino za kiume, nyingi zikitaja viumbe hai, nazo huongezwa herufi -n au -en mwishoni kila zinapoacha kuwa mtenda. Mtu ni der Mensch. Akionwa huwa den Menschen, akipewa kitu huwa dem Menschen, na kitu kikiwa chake husemwa des Menschen. Katika safu hiyo wamo Mfaransa, Mrusi, Mturuki na mteja wa dukani. Yumo pia Myahudi: der Jude, den Juden, dem Juden, des Juden, na wakiwa wengi die Juden. Mwanamke ni die Jüdin, wanawake ni die Jüdinnen.

Kwa sarufi, basi, neno hili halina kilema chochote. Linafuata njia ileile linayofuata neno “mtu”.

Hata hivyo, likifika ulimini, Wajerumani wengi husita. Sauti hushuka, na badala ya neno moja hutafutwa maneno mengi: watu wa imani ya Kiyahudi, raia wenzetu wa Kiyahudi. Kusita huko kuna sababu nzito, na anayejifunza lugha hiyo hana budi kuijua. Akishaijua, asiurithi woga huo.

Jude ni jina la kale na la heshima. Limetoka katika Kiebrania, likapitia Kigiriki na Kilatini hadi Ujerumani, kama Kiswahili kilivyolipata kwa njia ya Kiarabu. Ndani yake mna jina la Yuda mwana wa Yakobo, ambalo Kitabu cha Mwanzo kinalihusisha na kumsifu Mungu. Lakini chuki dhidi ya Wayahudi iliyodumu Ulaya karne nyingi ililitia jina hilo matope. Katika karne ya 19 wapo Wayahudi wa Ujerumani walioona afadhali waitwe Israelit, au wajieleze kwa maneno ya upole zaidi. Mwaka 1893 iliundwa Berlin jumuiya iliyojiita, kwa jina refu, Jumuiya Kuu ya Raia wa Kijerumani wenye Imani ya Kiyahudi. Walitaka jirani zao waone kwanza uraia, kisha dini.

Jina la upole halikuwaokoa. Sheria za Nuremberg, zilizotungwa na Wanazi mwaka 1935, na kanuni zilizozifuata hazikuuliza kwanza mtu anajiitaje wala anasali wapi. Zilihesabu babu na bibi zake. Msomi Victor Klemperer wa Dresden alikuwa amebatizwa Mprotestanti, lakini baba yake alikuwa rabi, na hilo likatosha. Mwaka huohuo, hata kabla ya sheria hizo kutoka, alikuwa ameondolewa katika kiti chake cha uprofesa. Septemba 1941 ikatoka amri kwamba kila Myahudi aliyetimiza miaka sita ashone kwenye nguo, upande wa kushoto wa kifua, nyota ya kitambaa cha njano. Katikati ya nyota liliandikwa neno moja, Jude, kwa herufi zilizopindwa zifanane na za Kiebrania. Klemperer aliivaa. Katika kitabu chake LTI cha mwaka 1947, anaitaja siku ya kuanza kuvaliwa kwa nyota hiyo kuwa ngumu kuliko zote katika ile miaka 12 ya utawala wa Wanazi.

Mswahili asidhani hayo yalikuwa ya Wayahudi peke yao. Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, alikuwa akifundisha Kiswahili chuoni Berlin. Mwaka huohuo wa 1941 alikamatwa kwa kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Kosa lake liliitwa Rassenschande, yaani kuitia mbari aibu, neno ambalo dola ile ililitumia kwanza kuwaandama Wayahudi. Alifia katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944.

Baada ya vita Wayahudi waliosalia walijiitaje? Mwaka 1950 waliunda Baraza Kuu la Wayahudi wa Ujerumani, Zentralrat der Juden in Deutschland. Hawakujificha nyuma ya “imani” wala “uraia”. Walilishika neno lilelile lililoshonwa vifuani mwao. Mwanzoni mwa mwaka 2022 kamusi ya Duden iliweka mtandaoni maelezo kwamba wakati mwingine neno Jude huonekana kuwa la kibaguzi. Rais wa Baraza hilo, Josef Schuster, alijibu kwamba kwake yeye si tusi wala si ubaguzi, na Duden wakayarekebisha maelezo yao. Wenye jina wamesema. Anayewapenda na awasikilize.

Basi ubaya uko wapi? Uko kwanza katika umoja wa jumla. Klemperer alionyesha jinsi propaganda ilivyopenda kusema der Jude, Myahudi, kana kwamba mamilioni ya watu ni mtu mmoja mwenye sura moja na hila moja. Uko pia katika kuliunganisha jina hilo na neno jingine ili kuzaa shutuma, kama Judenfrage, “suala la Wayahudi”, ambapo watu wanageuzwa tatizo linalosubiri kutatuliwa. Uko katika viwanja vya shule ambako hadi leo wapo watoto wanaoitana Jude kwa kutukanana. Hata “raia wenzetu” ina kasoro yake, kwa kuwa hakuna anayesema “raia wenzetu Wakatoliki”. Neno la kukaribisha linamfanya mwenye nyumba aonekane mgeni. Tena neno la Kijerumani Israeli, yaani mwananchi wa nchi ya Israeli, lisichanganywe na Jude. Wako Waisraeli ambao si Wayahudi, na Wayahudi wengi si Waisraeli.

Msomaji wa Kiswahili naye ajikague. Katika lugha yetu Myahudi yumo katika ngeli ya A-WA, pamoja na mtu, mtoto na mwalimu. Lakini vijiweni na ndani ya daladala, mara ngapi watu husema Mhindi yuko hivi, Mchaga yuko vile, Mkikuyu ana tabia hii? Ni umoja uleule wa jumla. Mwandishi wa habari anayetafsiri taarifa za Ulaya au za Mashariki ya Kati ana wajibu mkubwa zaidi: aliyetenda jambo atajwe yeye, na asiyetenda asibebeshwe lawama kwa sababu ya jina la watu wake.

Na mwalimu wa Kijerumani, akifika kwenye nomino dhaifu, asiliruke neno hili kwa kuogopa. Aandike ubaoni mistari miwili, mmoja wa der Mensch na chini yake wa der Jude, viishio vikiwa vimepangana. Wanafunzi wausome mstari wa pili kwa sauti ileile waliyousomea wa kwanza, kisha awasimulie ile nyota ya njano.